Jina la Mkubwa Hutangulia

Ujiji, Jumapili, mwishoni mwa Oktoba. Huu ni mwaka wa thelathini na nane tangu nihamishwe kikazi kwenda Mtwara, nikaondoka hapa na sanduku moja nikidhani ni kwa miaka miwili mitatu. Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri. Vumbi jekundu limetulia, hewa imesafishika, na milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa inaonekana hadi mikunjo yake. Siku nyingine ningeandika habari za milima hiyo.

Nuru ameondoka leo mchana.

Niko barazani kwa dada yangu Hadija. Yeye yuko uani anachemsha chikichi za mawese, kazi ambayo Jumapili huwa haifanyi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini leo. Moshi unapita ukumbini na kunifikia hapa nilipo. Nadhani anaupenda moshi huo leo, kwa sababu unampa sababu ya kufuta macho.

Wasomaji wangu wachache mmezoea nikiwaandikia kuhusu vitabu na misimu ya korosho. Leo nina jambo la nyumbani. Sina la kuwafundisha.

Nuru ana miaka tisa. Mama yake, Zaina, alikuwa binti wa mdogo wetu Abeid. Abeid alitangulia, Zaina naye akamfuata baba yake wakati Nuru bado ananyonya. Hadija, mjane asiye na mtoto nyumbani, alimchukua siku ileile ya maziko, akamfunga mgongoni, na tangu hapo hakumshusha. Mtoto amejifunza kutembea kwenye ua huu. Amejifunza kuhesabu kwa kupanga chupa za mawese mezani sokoni. Baba yake alikuwa mvuvi wa Mwamgongo. Yeye na Zaina hawakufunga ndoa, lakini alikuwa akimkumbuka mtoto: boti ikija, alituma migebuka na sabuni. Mwaka jana ziwa lilimchukua. Baada ya arobaini, mdogo wake anayeitwa Issa akaja hapa na wazee wawili, akaketi kwenye mkeka huu, akasema amefuata damu ya kaka yake.

Issa si mtu mbaya. Ningetamani awe mbaya, ingenirahisishia. Ana nyumba ya bati, ana nyavu zake, hanywi. Mkewe amejifungua mapacha.

Hadija alikataa kwa namna yake ya kukataa, yaani aliwapikia vizuri sana na hakusema chochote. Wakarudi mara ya pili. Mara ya tatu wakaenda ustawi wa jamii, na ustawi wakasema mtoto huyu hana mlezi anayetambulika kisheria, pande zote mbili zipeleke maombi mahakamani, na kila upande uanze na kikao cha ukoo.

Hapo ndipo nilipoingia.

Kwetu jina la mkubwa hutangulia. Jambo likiwa la furaha au la msiba, mkubwa wa ukoo ndiye mwenye shughuli, hata kama yuko upande wa pili wa nchi na hana habari. Mwaka juzi nilitumiwa kwenye simu picha ya kadi ya harusi, nikasoma kwamba Mzee Sudi, ambaye ni mimi, anayo furaha kuwaalika watu kwenye ndoa ya kijana ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Nilicheka, nikatuma mchango. Ndivyo tulivyo. Mtu akiwa mbali, ndivyo anavyoambiwa kwamba kiti chake bado kipo.

Basi ukoo ulikaa hapa uani, simu yao wameiweka juu ya ndoo iliyofudikizwa ili nisikie. Mpwa wangu Rajabu, ambaye ndiye huendesha vikao hivi, akanisomea: "Mzee, kikao kimeona tukuweke wewe kuwa mlezi wa Nuru. Bibi Hadija ataendelea kukaa naye kama kawaida." Nikasikia watu wakiitikia. Nikasikia na sauti ya Hadija: "Ndivyo, Kaka. Nani mwingine?"

Nilifanya kazi ya maktaba maisha yangu yote. Vitabu vya sheria vilipita mikononi mwangu kama vitabu vingine. Nikasema nashukuru kwa heshima hiyo.

Hakuna mtu katika kikao kile aliyekosea kwa kadiri ya mila zetu. Kumweka Hadija mbele wakati kaka yake yu hai kungekuwa kuniandika marehemu.

Mahakama ikamwita mwombaji, nami ndiye mwombaji. Nilimwacha mke wangu Somoe kwa binti wa dada yake. Somoe ana kiharusi, upande wake wa kulia umekufa, na tangu kimpate sikuwa nimelala nje ya nyumba. Nikapanda basi hadi Dar, kisha treni, nikashuka Kigoma miguu imevimba. Nuru alikuwa amesimama stesheni na gauni la Idi, akanipokea mfuko kabla hajanisalimia vizuri. Jioni tukala ugali wa muhogo. Alinitazama nikiukata kwa vidole viwili.

"Babu, unakula kama mgeni wa serikali," akasema.

"Hebu muache babu yako," Hadija akamkemea, naye mwenyewe anacheka. "Huko Mtwara wanakula korosho tu."

Nilifurahi jioni ile. Niliamini kwamba nimekuja na kwamba kuja kwangu kunatosha.

Ijumaa tukaenda mahakamani. Shauri la mtoto halisikilizwi mbele ya watu. Tuliketi katika ofisi ndogo yenye feni isiyozunguka. Hakimu alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu wa mwisho. Alikuwapo karani, afisa ustawi, Issa na mkewe mwenye pacha mmoja mapajani, Hadija, na mimi. Hakimu aliniamkia "shikamoo mzee" kabla ya kuanza, na kwa ujinga wangu nikaichukua kama dalili njema.

"Mzee, wewe ndiye unayeomba ulezi. Ukipewa mtoto huyu utaishi naye wapi?"

"Hapa Ujiji, mheshimiwa, nyumbani kwa dada yangu."

"Wewe utahamia Ujiji?"

Jibu lililotakiwa nililijua. Wote mle ndani walilijua, hata mke wa Issa. Neno moja tu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuapa, na nilimwona Somoe amelala akisubiri kugeuzwa.

"Hapana," nikasema. "Nina mgonjwa Mtwara. Mimi ndiye ninayemlisha na kumgeuza."

"Basi utamchukua mtoto uende naye huko?"

"Hapana, mheshimiwa. Hapa ndipo kwao. Mlezi wake ni huyu."

Nikamwonyesha Hadija. Hakimu akamgeukia, na nilipoona jinsi anavyomgeukia nikapumua, kwa sababu mwanamke yule alikuwa anatafuta mlango wa kutupitisha.

"Bi Hadija, wewe unaomba kuwa mlezi wa mtoto huyu?"

Hadija akavuta ushungi. "Kaka yangu yupo, mheshimiwa. Yeye ndiye msemaji wetu."

"Nakuuliza wewe, mama."

"Atakalosema kaka, mimi nimo humo."

"Hadija, sema," nikamwambia.

"Mzee, naomba usimwongoze," akasema hakimu, kwa upole.

Akaweka kalamu chini. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayemshika mkono mtoto kuvuka mfereji. Unamtaka mtoto huyu? Uko tayari kumlea kwa jina lako? Hadija akanitazama. Mtu asiyetufahamu angeona mwanamke mzee asiye na hamu na jambo lenyewe. Mimi nilimwona dada yangu, aliyekua katika nyumba ambayo msichana akijibu kabla ya kaka yake alifinywa. Kaka huyo amekatisha nchi nzima kwa ajili yake, na sasa ameketi kando yake mbele ya mtu wa serikali. Angefunguaje mdomo kuomba yeye mwenyewe kile ambacho kaka alitumwa kumwombea? Ingekuwa kama kunivua kofia.

"Kaka ndiye mkubwa," akasema. Basi.

Nuru aliulizwa peke yake chumba cha pili. Afisa ustawi akarudi akasema mtoto ameeleza kwamba atakwenda popote bibi atakapomwambia. Hana pingamizi.

Hana pingamizi. Ni kweli tumemlea vizuri. Hajawahi kusema "nataka" mbele ya watu wazima.

Hakimu hakufurahia alichokisema baadaye, nampa haki yake. Alisema ana waombaji wawili: mmoja hawezi kuishi na mtoto, mwingine anaweza, ana nyumba na ana mke. Bibi ana umri mkubwa na hajaomba. Akaamuru Nuru akae kwa Issa kwa muda, bibi aruhusiwe kumtembelea, na kama bibi anataka kuwa mlezi basi alete maombi yake mwenyewe, mahakama itamsikiliza. Kisha akatuuliza kama tumeelewa. Tukasema tumeelewa, tukashukuru.

Tulishukuru, jamani.

Nje, Issa alinifuata. Alinisalimu kwanza kwa Kiha, "Mwakeye, mzee," kisha akageuza. "Mzee, mimi sikutaka tuvutane namna hii. Kwetu shule ipo, atasoma. Wala hatapigwa."

"Na hawa atanisaidia kuwabeba," mkewe akasema kwa furaha isiyo na hila yoyote, akimrusha pacha begani. "Mmoja mimi, mmoja yeye."

Nilitazama mgongo wa Nuru, ambao bado ni mwembamba.

Jana jirani yetu Tausi aliingia uani bila hodi. Habari ilikuwa imeshafika soko zima la Ujiji.

"Nyie watu wa adabu mtazikwa na adabu yenu!" akaanza. "Hadija, mimi ningelia pale mpaka hakimu ashuke kitini anibembeleze. Ningegaagaa chini. Nyie mmekwenda mkakaa kama mnaposa!"

"Tausi, kuna mgeni," Hadija akasema.

"Mgeni gani, Sudi? Sudi huyu mama yangu alikuwa akimwogesha kwenye karai. Shikamoo Kaka Sudi, na wewe nawe hukuweza kusema uongo kidogo? Watu wanaapa kila siku!"

"Marahaba, Tausi," nikasema.

Hadija akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaziba mdomo kwa ncha ya khanga, mabega yanatikisika, kisha akanyamaza ghafla akaingia ndani kutafuta kitana cha Nuru.

Nilimfuata. Nikamuuliza kitu ambacho kwa miaka yote sikuwahi kumuuliza, kwa jambo lolote: wewe mwenyewe ulitaka nini?

"Kaka, hilo nalo ni swali?" akasema. Alikuwa ameshika kitana. "Wewe uko pale, mimi nikupite?"

Leo tukampeleka Kibirizi, boti za kaskazini zinakoondokea. Bajaji ilituchukua wote watatu na mzigo. Hadija alimfungia begi la shule, ndala mpya, msahafu mdogo, na kidumu cha mawese cha kumpa mke wa Issa, kwa sababu mtoto wetu haendi kwa watu mikono mitupu. Nilimtazama akikifuta kidumu kile kwa pindo la khanga. Mtu asiyejua angedhani tunapeleka bibi harusi.

Boti ilikuwa imejaa kreti za soda, mifuko ya saruji, godoro lililokunjwa na mbuzi mmoja. Issa alimvisha Nuru jaketi la kuelea, likamfika magotini. Watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Kisha akashuka tena kwenye ubao akanijia mimi, si Hadija, akanivuta mkono niiname.

"Babu," akaninong'oneza, "bibi akiumwa hasemi. Uwe unamwangalia usoni."

Nikamwambia sawa.

"Na akikohoa usimuulize kama anataka maji. Atasema hataki. Wewe mpe tu."

Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameuona ugonjwa wetu na ameutafutia dawa. Hakimu hakumuuliza hayo. Afisa ustawi hakumuuliza. Mimi pia sikumuuliza. Nilikuwa nimekuja na jina langu.

"Utakuja kuniona Mwamgongo?" akauliza sasa kwa sauti, wote wasikie.

"Atakuja, inshallah, karibuni tu," Hadija akawahi kumjibu.

Mashine ikawaka, kijana wa boti akasukuma kwa mti mrefu, na Hadija akapunga mkono hadi boti ilipozunguka rasi. Njiani kurudi alimwambia dereva wa bajaji apunguze mwendo, mzee anaumwa miguu.

Baada ya chakula, ambacho hakula, nilimwambia aende mahakamani kesho. Afisa ustawi alishanieleza namna: anakwenda mwenyewe, anaeleza, anaandikiwa maombi, anasaidiwa bure. Kinachotakiwa ni yeye aseme anamtaka mtoto. Anayo miaka yote ya kumlea, ana majirani wa kusimama, ana Tausi. Nilimweleza taratibu kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanachuo namna ya kutafuta kitabu.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, Kaka," akasema. "Wewe fika Mtwara kwanza salama. Ukishapumzika nitakupigia, uniambie la kusema."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu watu wanaonyang'anywa haki zao, na katika vyote kuna anayenyang'anya. Hapa simwoni. Namwona dada yangu ananiheshimu.

Alasiri niliwaita Rajabu na wengine waliokuwepo. Nikawaambia kikao kijacho kikae bila mimi. Msiweke simu juu ya ndoo. Msiandike jina langu mbele wala nyuma. Mkubwa wa nyumba hii ni Hadija, na kwa Nuru ataomba Hadija. Msinipigie kuuliza.

Nyuso zao zilibadilika. Rajabu, ambaye nampenda, alikaribia kulia.

"Mzee, mbona unatususa? Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea."

"Watu watasema tumekutupa."

Nilijaribu kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana nimekasirika. Mzee mmoja akapendekeza waniombe radhi rasmi, na ifanywe dua. Hadija alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Sijui alisikia kiasi gani. Akarudi kwenye sufuria lake.

Sijui kama atakwenda. Huenda kesho asubuhi atajifunga ushungi, apande daladala mpaka mjini, asimame mbele ya yule binti hakimu na kusema namtaka. Huenda atakaa hapa akichemsha mawese mpaka Nuru azoee kuitwa kwa jina la nyumba nyingine, akisubiri simu yangu. Nimejiuliza tangu alasiri kuna lipi jingine ninaloweza kumfanyia, nami sijalipata. Nikibaki nitamziba. Nikiondoka na kuahidi kurudi, atalisubiri neno langu kama wanavyolisubiri wote, na mtoto atakua akisubiriwa.

Nina miaka sabini na sita na mke anayesubiri kugeuzwa. Lakini hata ningekuwa na miguu mizima na nafasi tele, sasa jibu ni lilelile nililompa hakimu, na nimemwambia Hadija hivi punde pale uani, waziwazi, bila inshallah, naye akaendelea kukoroga.

Treni ni kesho. Sitarudi Ujiji.